Ile helikopta inaleta nini? Historia ya helikopta za kijeshi kwa vijana wa Masisi na Walikale

Rubaya, Masisi – Mwanzoni mwa mwaka 2024 nilikuwa katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani karibu na Goma, nikirekodi sauti za familia zilizotoka huku kwetu Masisi. Saa tano hivi, mlio ukasikika upande wa ziwa. Watoto wakagawanyika mara mbili bila kuambiana. Kundi moja lilikimbia nje likipunga mikono na kuimba. Kundi la pili lilijitupa chini ya vitanda vya miti ndani ya vibanda vya bashi. Msichana mmoja aliyekuwa akichochea moto aliruka kwa hofu, akagonga sufuria, na maharagi yaliyokuwa yanachemka yakamwagikia mguu wake. Helikopta ikapita. Ilikuwa nyeupe, yenye herufi UN ubavuni, ikielekea kiwanja cha ndege. Haikutua kwetu wala haikurusha kitu.

Tulipokuwa tukimwagia yule msichana maji baridi mguuni, mdogo wake aliniuliza: “Yaya, hii ilikuwa inaleta nini?”

Nilimjibu kwamba haikuleta kitu, ilikuwa inapita tu. Jibu hilo halikumtosheleza, na mimi pia halikunitosheleza. Yeye alitoka kijiji ambacho helikopta ilipiga milima ya jirani. Wale waliokimbia nje wakiimba walitoka kijiji ambacho helikopta ilileta chanjo. Kila mtoto alikuwa na sababu yake.

Wadogo zangu, leo ninajibu swali lile vizuri zaidi. Helikopta ni kama chukudu. Chukudu moja asubuhi inabeba viazi kwenda sokoni, mchana inabeba makaa, jioni inamfikisha bibi mgonjwa kwenye kituo cha afya. Huwezi kuijua kwa mlio wa gurudumu. Unaangalia mzigo, na unaangalia nani anaisukuma. Helikopta za kijeshi nazo zina kazi nne kubwa, na zote nne zimeshafanyika hapa Kivu ya Kaskazini au mahali pengine katika inchi yetu.

Inapaaje bila kukimbia?

Ndege ya kawaida ina mabawa yasiyosogea. Inabidi ikimbie kwenye njia ndefu ili hewa ipite kwa kasi juu na chini ya mabawa, ndipo inyanyuke. Kwa helikopta, mabawa yenyewe ndiyo yanakimbia. Yale mapanga marefu unayoyaona juu ni mabawa membamba yanayozungushwa na injini. Yanasukuma hewa chini, na chombo kinanyanyuka. Rubani akitaka kupanda, anaongeza mwinamo wa mapanga ili yakamate hewa nyingi zaidi. Akitaka kwenda mbele, anauinamisha mzunguko wote mbele kidogo. Ndiyo maana unaiona inainamisha pua kama ng'ombe anayetaka kupiga pembe.

Na lile panga dogo la mkiani? Simama juu ya utelezi wakati wa mvua, shika kamba yenye jiwe na uizungushe kwa ghafula. Utasikia mwili wako unavutwa upande wa pili. Helikopta nayo ingezunguka yenyewe kama pia kama isingekuwa na panga la mkiani linalozuia mzunguko huo. Panga hilo likiharibika, rubani yuko katika hatari kubwa.

Kuna jambo moja zaidi linalotuhusu sisi watu wa milima. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na mapanga yanapata hewa kidogo ya kusukuma. Goma iko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Masisi inapita mita 2,000. Helikopta inayoweza kubeba mzigo mkubwa kule pwani inapunguziwa mzigo ikija kwetu. Ongeza ukungu wa asubuhi na mvua ya mchana. Rubani asiyeona kilima kilicho mbele yake anasubiri au anarudi. Mara nyingi tunapolalamika kwamba helikopta imechelewa, milima yetu nayo ina sehemu yake.

Ilianza na mtu mmoja

Watu wengi walijaribu kutengeneza chombo cha namna hii tangu mwanzo wa karne ya 20. Aliyefaulu kuweka mfano ambao wengi waliufuata ni Igor Sikorsky, mhandisi aliyezaliwa Kyiv mwaka 1889 na kuhamia Marekani. Tarehe 14 Septemba 1939 chombo chake, VS-300, kilinyanyuka kidogo kutoka ardhini kikiwa kimefungwa kwa nyaya ili kisipinduke. Miaka michache baadaye jeshi la Marekani lilikuwa na helikopta zilizotoka kiwandani kwa wingi, zenye mtindo ule ule: panga kubwa moja juu, panga dogo moja mkiani. Helikopta nyingi unazoziona leo bado zina umbo hilo.

Kazi ya kwanza: kuwatoa waliojeruhiwa

Moja ya kazi za kwanza kabisa ambazo helikopta ilifanya vitani ilikuwa kuokoa watu. Ilikuwa Burma, huko Asia, mwezi wa Aprili 1944. Ndege ndogo ilianguka msituni nyuma ya mistari ya Wajapani, ikiwa na rubani Mmarekani na askari watatu Waingereza waliojeruhiwa au wagonjwa. Luteni Carter Harman alitumwa na helikopta aina ya YR-4B. Chombo kilikuwa dhaifu kiasi kwamba kiliweza kubeba mtu mmoja tu pamoja na rubani. Kwa hiyo alienda na kurudi, akamtoa mmoja mmoja, mpaka wote wanne wakatoka.

Vita hivyo vya Burma havikuwa vya Wazungu na Wajapani tu. Askari kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland walipigana kule, na hospitali ya kijeshi kutoka Kongo ya Wabelgiji, yenye wauguzi Wakongomani, ilitibu majeruhi wao. Wazee wetu walikuwepo katika vita vile vile ambavyo helikopta ilianza kuonyesha kazi yake.

Katika vita vya Korea, kuanzia 1950 hadi 1953, kazi hiyo ikawa ya kila siku. Helikopta ndogo aina ya Bell 47 zilifungiwa machela mbili nje, moja kila upande, na majeruhi alisafiri akiwa nje ya chombo, amefunikwa tu. Maelfu ya watu walifikishwa kwa madaktari kwa njia hiyo. Madaktari walijifunza jambo ambalo mama yeyote wa Masisi aliyebeba mgonjwa kwenye kitanda cha kamba analijua: kwa anayepoteza damu, saa za kwanza ndizo zinaamua.

Kwetu, kutoka kijiji cha juu mpaka Hospitali Kuu ya Masisi ni mwendo wa masaa kwa miguu. Barabara ya Sake kwenda Masisi wakati wa mvua inaweza kulaza magari siku nzima. Helikopta inapita njia hiyo kwa dakika. Aina ya Mi-8 au Mi-17, ile kubwa yenye tumbo nene na madirisha ya mviringo, inaweza kubeba machela 12.

Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inasema kwamba chombo cha anga kinachobeba wagonjwa peke yake, chenye alama ya msalaba mwekundu au mwezi mwekundu, kisipigwe. Lakini chombo hicho kikibeba pia silaha, kinapoteza ulinzi huo. Sheria hiyo inawabana wote wenye bunduki, wa jeshi la serikali na wa makundi mengine.

Kazi ya pili: kubeba watu na mizigo

Hii ndiyo kazi ambayo helikopta nyingi za kijeshi zinafanya siku nyingi: askari, chakula, maji, mafuta, hema. Nitawapa mfano wa zamani kutoka inchi yetu, kwa sababu una somo.

Mwezi wa Septemba 1961, wakati Katanga ilipotaka kujitenga na Kongo, askari wa Ireland wasiopungua 150 waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa walizingirwa Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Walipigana siku kadhaa. Maji yakawaishia. Helikopta moja, ikiendeshwa na rubani kutoka Norway pamoja na mwenzake kutoka Sweden, ilipita katikati ya risasi ikawapelekea maji. Ilikuwa kazi ya ujasiri mkubwa. Lakini walipofungua vibido, maji yalinuka mafuta, kwa sababu vibido vile vilikuwa vimebeba mafuta kabla yake. Maji hayakunyweka. Helikopta nayo ilikuwa imeharibika, haikuweza kuondoka. Askari wale walijisalimisha tarehe 17 Septemba.

Somo ni rahisi. Rubani anaweza kuwa hodari na chombo kinaweza kufika, lakini aliyejaza vibido ndiye anayeamua kama msaada ni msaada. Msisahau neno hili mnaposikia kwamba helikopta imefika.

Miaka mingi baadaye, tangu 1999, Umoja wa Mataifa ulirudi Kongo kwa jina la MONUC, na tangu tarehe 1 Julai 2010 kwa jina la MONUSCO. Mi-8 na Mi-17 zikawa kama basi la angani. Moja inaweza kubeba askari kama 24 au mzigo wa tani kadhaa. Katika uchaguzi wa mwaka 2006, wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka zaidi ya 40, MONUC ilisaidia kusafirisha vifaa vya kura kwa ndege na helikopta hadi sehemu ambazo gari halifiki.

Ndugu zetu wa Walikale wanaelewa hili kuliko wote. Kwao msitu ni mnene na barabara ni chache. Pale Kilambo, ndege ndogo zilizokuja kuchukua madini ya Bisie zilikuwa zinatua kwenye kipande cha barabara ya lami kwa kukosa kiwanja. Helikopta haihitaji hata kipande hicho. Uwanja wa mpira unaitosha.

Mashine hiyo hiyo ya Mi-8 hutumiwa pia na mashirika ya kiraia. Ebola ilipotangazwa katika jimbo letu tarehe 1 Agosti 2018, chanjo yake ilihitaji kutunzwa katika baridi kali sana, chini ya nyuzi 60 za sifuri. Helikopta za misaada zilipeleka wahudumu na vifaa upande wa Beni na Butembo mpaka ugonjwa ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Kwa mbali usingeweza kutofautisha umbo la helikopta ile na umbo la helikopta inayobeba kikosi cha askari. Ni chukudu ile ile, mzigo tofauti.

Kazi ya tatu: kuangalia

Kutoka juu, mtu anaona barabara iliyokatika, daraja lililobomoka, moshi wa kijiji, na watu wanaokimbia. Majeshi hutumia helikopta kuangalia adui yuko wapi na anaelekea wapi. Siku hizi kazi hiyo inachukuliwa zaidi na droni, kwa sababu droni haina mtu ndani na inakaa angani muda mrefu.

Kuangalia kunaweza pia kuokoa raia. Nyiragongo ilipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, wataalamu wa volkano walihitaji kujua moto unatoka wapi na unaelekea wapi. Kwa miguu isingewezekana. Walipelekwa kwa helikopta juu ya mlima. Sisi tuliokuwa redioni siku zile, tukijibu simu za watu waliouliza kama wakimbilie Sake au wabaki, tulitegemea kile kilichoonwa kutoka juu.

Kazi ya nne: kupiga

Sasa tufike pale ambapo watoto wanajificha chini ya kitanda.

Wafaransa walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufunga bunduki na roketi kwenye helikopta, katika vita vya Algeria vya 1954 hadi 1962. Wamarekani, katika vita vya Vietnam, mwaka 1967 walileta vitani Cobra, helikopta iliyoundwa tangu mwanzo kwa ajili ya kupiga tu. Warusi wa Muungano wa Kisovieti walitengeneza Mi-24. Hiyo ni nyembamba kuliko Mi-8, ina mabawa mafupi ubavuni yanayobeba roketi, na bunduki kubwa puani. Inabeba pia askari 8. Marubani wake waliipa jina la utani la mamba. Jeshi la serikali yetu lina Mi-24, na Umoja wa Mataifa umezitumia hapa.

Mwezi wa Novemba 2006, askari waliomtii Laurent Nkunda waliingia Sake na kuelekea Goma. Helikopta za mashambulizi za India, zilizokuwa chini ya MONUC, ziliwapiga barabarani pamoja na askari wa miguu, na safari ya kuelekea Goma ikazuiwa. Wazee wa Sake bado wanaikumbuka mizinga ya siku zile.

Miaka sita baadaye mambo yalikuwa tofauti. Tarehe 17 Novemba 2012, helikopta za MONUSCO aina ya Mi-24, kutoka Ukraine, zilirusha roketi juu ya waasi wa M23 upande wa Kibumba. Siku tatu baadaye, tarehe 20 Novemba, M23 waliingia Goma. Helikopta zilikuwepo, roketi zilikuwepo, na mji ulianguka.

Mwaka 2013 Baraza la Usalama liliunda kikosi maalumu cha askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Afrika Kusini ilileta helikopta yake ya kupiga, Rooivalk, chombo adimu kilichotengenezwa 12 tu. Tarehe 4 Novemba 2013 Rooivalk zilipiga ngome za M23 kwenye milima ya Chanzu, Rutshuru. Ilikuwa mara yao ya kwanza vitani tangu chombo hicho kirushwe mara ya kwanza mwaka 1990. Siku iliyofuata M23 ilitangaza kuacha vita. Lakini kabla ya roketi zile kulikuwa na wiki za askari wa miguu wakipanda milima, na miezi ya mazungumzo na shinikizo kati ya serikali mbalimbali.

Kwa nini mara moja ilifaulu na mara nyingine haikufaulu? Kwa sababu helikopta haikai. Baada ya masaa mawili au matatu mafuta yanapungua, lazima irudi. Inaweza kuchoma lori au kutawanya safu ya askari, lakini haiwezi kulinda soko usiku kucha, haiwezi kusuluhisha ugomvi wa shamba, haiwezi kuwarudisha watu kwenye nyumba zao. Hizo ni kazi za watu walio chini. Aliyewaambia kwamba silaha fulani ya angani itamaliza vita vya Masisi peke yake hajaangalia historia. Vita vya 2013 viliisha mwezi wa Novemba, na leo mnaosoma haya mnajua M23 ilirudi. Rubaya ilichukuliwa tarehe 30 Aprili 2024, na Goma mwishoni mwa Januari 2025.

Zenyewe pia hupigwa

Kijana anaweza kufikiri kwamba aliye juu yuko salama. Hapana. Helikopta inaruka chini na polepole kuliko ndege, na mlio wake unaitangaza kabla haijafika.

Tarehe 29 Machi 2022, helikopta ya Umoja wa Mataifa aina ya Puma ilianguka upande wa Chanzu, Rutshuru, ikiwa katika kazi ya kuangalia. Watu wote 8 waliokuwa ndani walikufa: Wapakistani 6, Mrusi 1 na Mserbia 1. Jeshi la serikali lilisema M23 ndio walioiangusha. M23 walisema ni jeshi la serikali. Tarehe 5 Februari 2023, helikopta nyingine ya Umoja wa Mataifa, aina ya Oryx, ilipigwa risasi ikitoka Beni kuja Goma. Askari mmoja wa Afrika Kusini alikufa, mwenzake akajeruhiwa, lakini chombo kilifika Goma na kutua.

Kila risasi ya namna hii inalipwa pia na raia. Chombo kikipigwa, safari zinasimamishwa, na mama anayesubiri damu au dawa anasubiri zaidi. Kiwanja cha ndege cha Goma kilipofungwa katika vita vya Januari 2025, mlio wa helikopta ulipungua sana masikioni mwetu, na misaada iliyokuwa ikipita pale ikapoteza mlango wake mkubwa.

Rangi peke yake haitoshi

Watu wengi kambini huniambia: nyeupe ni nzuri, ya kijani ni mbaya. Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Mi-24 za Ukraine zilizorusha roketi Kibumba zilikuwa nyeupe, zenye herufi UN. Na helikopta ya kijani ya jeshi inaweza kuwa imebeba majeruhi au magunia ya unga. Rangi inakuambia mwenye chombo. Ili kujua kazi, angalia umbo. Tumbo nene na madirisha mengi ni la kubebea watu na mizigo. Umbo jembamba lenye mabawa mafupi yaliyoning'iniza mapipa ni la kupiga. Lakini hata Mi-8 huweza kufungiwa roketi, kwa hiyo usikae nje kuhesabu. Ujuzi huu ni wa kupunguza hofu na kuongeza akili. Si wa kukufanya mlinzi wa kijiji.

Tangu kambi za Goma zilipovunjwa mwezi wa Februari 2025, familia nyingi zimerudi huku kwenye mashamba yaliyopita vita. Kwa hiyo naomba wazazi wawasomee watoto sehemu hii mara mbili:

1. Ukisikia helikopta, usikimbie ovyo. Mwenye moto jikoni aondoe kwanza watoto wadogo kando ya sufuria. Mkanyagano na moto navyo huumiza watu.

2. Ukisikia milio ya risasi au roketi, lala chini, mahali penye bonde au nyuma ya ukuta wa mawe au udongo. Bashi haizuii kitu. Usikimbie pamoja na watu wenye silaha.

3. Helikopta ikitua, kaa mbali mpaka mapanga yasimame kabisa. Upepo wake unang'oa bashi na mabati na kurusha mawe. Usipite nyuma hata siku moja: panga la mkiani likizunguka halionekani, na linaua. Subiri mtu wa chombo akuite, na umkaribie kwa mbele ili akuone.

4. Usiielekezee kitu kama bunduki, hata mti, hata kwa mchezo. Usiimulike kwa kioo.

5. Ukikuta shambani chuma kigeni, chenye mabawa madogo nyuma, au bomba refu lenye kutu, usiguse, usirushe jiwe, usipeleke kwa wanunuzi wa vyuma. Roketi iliyoanguka bila kulipuka inaweza kulipuka baada ya miaka. Rudi kwa njia uliyojia, weka alama mbali nayo, mwambie mzazi au mkubwa wa kijiji.

Jibu langu

Mguu wa yule msichana ulipona, ukabaki na kovu. Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa anacheka na wenzake, lakini mlio wowote wa injini angani ulimfanya anyamaze. Mdogo wake, yule aliyeniuliza, alikuwa amejifunza kuitambua Mi-8 kwa madirisha yake. Aliniambia anataka kuwa rubani. Nikamuuliza atabeba nini. Akafikiri, akasema atambeba bibi yake kwenda hospitali, kisha ataleta viatu.

Basi jibu langu, mdogo wangu, ni hili. Helikopta inaleta kile ambacho watu walioituma wameamua kukiweka ndani. Mwaka 1944 waliweka nafasi ya mtu mmoja, na watu wanne wakapona. Mwaka 1961 waliweka maji katika vibido vichafu. Mwaka 2018 waliweka chanjo. Mwaka 2012 na 2013 waliweka roketi. Chombo ni chuma tu. Ndiyo maana, tunapokuwa na nafasi ya kuwauliza viongozi wetu, wa upande wowote, tusiwaulize tu kama wana helikopta ngapi. Tuwaulize zinabeba nini kuja Masisi na Walikale, na kwa nini barabara ya Sake bado ni mbovu kiasi kwamba mama mwenye uchungu wa uzazi anasubiri msaada kutoka angani.

Wazazi mlio na watoto wanaoogopa mlio huu, msiwacheke na msiwapige. Kaeni nao, waelezeni. Na nyinyi vijana, swali lolote mlilo nalo kuhusu habari hii, nitalijibu kwenye kipindi chetu redioni.